Cessna 172S katika kutua: tathmini kwa anayetaka kununua au kukodi Dar es Salaam

Ndege hii tunaipima kwa jambo moja tu: inavyotua. Mwendo wa safari, redio na viti vyake vimeshaandikwa vya kutosha. Ndege ndogo nyingi huumia zikirudi chini. Mara nyingi watu hutoka salama, lakini bili inayofuata huwa ya pua iliyopinda, propela iliyogusa lami na injini inayolazimika kufunguliwa yote.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kwa mtu anayeegesha upande wa Terminal One pale JNIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere), anayeruka kwenda Zanzibar, Mafia, Kilwa na viwanja vya udongo vya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hii ndiyo ndege ya viti vinne tungemtajia kwanza. Ina kasoro mbili: miguu yake hudunda, na pua yake ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Kasoro zote mbili huamshwa na kasi ya ziada, na Dar es Salaam ni mahali pabaya sana pa kujifunzia kasi.

Ubaya wenyewe unatokana na raha. Barabara kuu ya kurukia na kutua ya JNIA, 05/23, ina urefu wa mita 3,000. Kwa kitabu cha mwongozo, 172S yenye uzito wake wote wa kilo 1,157, flapi (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa nyuzi 30, lami kavu, bila upepo, usawa wa bahari na joto la nyuzi 30, inahitaji mita 421 kutoka futi 50 juu ya kizingiti, yaani mwanzo wa barabara, mpaka kusimama kabisa. Kati ya hizo, mita 184 tu ndizo za magurudumu. Barabara ni ndefu mara saba ya mahitaji. Rubani akija na noti 75 (kasi zote humu ni noti, yaani maili za baharini kwa saa), ataelea juu ya lami mpaka achoke, kisha atakata kona kwenye njia ya kutokea bila kutoa jasho. Hakuna kinachomwadhibu. Wakati mwingine mwongoza ndege mwenyewe humwomba aharakishe kwa kuwa kuna Airbus A220 nyuma yake. Akirudia hivyo miezi sita, mkono wake umeshazoea 75, na mkono huohuo ndio atakaoenda nao kwenye uwanja wa udongo wa mita 700.

Namba za kweli ni hizi. Flapi zikiwa chini zote, bawa huacha kubeba kwenye 40. Flapi zikiwa juu, kwenye 48. Hali hiyo marubani huiita stoli, nasi tutaiita hivyo. Kwa kutua kawaida na flapi 30, kitabu kinaruhusu 60 hadi 70. Kwa barabara fupi, ni 61. Flapi zikigoma kushuka, ongeza noti 9 kwenye kasi ya kuja na asilimia 35 kwenye umbali.

Wengi husahau kwamba 61 ni ya ndege iliyojaa. Rubani akiwa peke yake na nusu ya mafuta, ndege ina kilo 907 hivi. Bawa linabeba mzigo mdogo, kwa hiyo kasi ileile ya usalama inashuka. Hesabu inatoa karibu 54. Hatumwambii mtu aje na 54 kesho asubuhi bila mwalimu, ila ajue kwamba akija na 70 katika uzito huo amebeba nguvu ya mwendo iliyozidi kwa asilimia 68. Nguvu hiyo hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi, na lazima iishie mahali. Ama iishie kwenye kuelea, ambako kila sekunde ya noti 60 inakula mita 31 za barabara, ama kwenye breki, ama kwenye pua.

Masika yakiingia, suala la kasi linapata sura nyingine. Tairi hupanda juu ya maji na kuacha kugusa lami kwenye kasi inayokadiriwa hivi: kipeuo cha pili cha upepo wa tairi, kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba), mara tisa. Tairi kuu za 172S hujazwa psi 42, hivyo jibu ni noti 58. Aliyegusa kwa 48 au 50 ana breki. Aliyegusa kwa 62 hana, mpaka ndege ipungue yenyewe. Na tairi iliyoachwa mpaka psi 29 inashusha kasi hiyo hadi 48, maana yake hata aliyetua vizuri anateleza. Geji ya upepo ni kitu cha bei ndogo; ndege ya kukodi isiyo na geji kwenye mkoba wake tunaitilia shaka. Gurudumu la pua ni psi 45.

Sasa miguu. Ile miwili mikuu ni mabomba ya chuma cha springi, hayana shokapu. Uzuri wake ni kwamba hayavuji, hayahitaji gesi, na yanastahimili wanafunzi kwa miaka. Ubaya ni kwamba chuma cha springi hakimezi nguvu, kinaikopa na kuirudisha, kama godoro la springi chini ya mtoto anayeruka. Ukigonga chini kwa nguvu, ndege inarudi juu futi tano, kumi, pua ikitazama mbinguni na kasi ikiyeyuka. Hapo ndipo ajali inapotengenezwa, kwa mkono wa rubani mwenyewe: anasukuma usukani mbele ili "kuirudisha chini". Gurudumu la pua linagusa kwanza, shokapu yake inajibana na kuachia, pua inaruka, rubani anasukuma tena, sasa amechelewa nusu sekunde nyuma ya ndege. Kila mdundo ni mkubwa kuliko uliopita. Kwa kawaida mdundo wa tatu hauna wa nne, kwa sababu propela imeshagusa.

Dawa yake ni fupi. Mdundo mdogo, wa futi mbili tatu: shikilia pua ilipo, usisukume, ongeza nguvu kidogo kulainisha mshuko, acha itue tena kwa magurudumu makuu. Mdundo mkubwa, au wowote unaokutia wasiwasi: nguvu zote, paa tena. Usijadiliane na mdundo wa pili.

Kupaa tena ndiko kunakotenganisha mwalimu mzuri na wa kujaza saa, na 172S ina mtego hapa. Unapokuja kutua, trimu, kifaa kinachoishikilia pua ulipoiweka, imewekwa kuinua pua. Ukisukuma nguvu zote kwa farasi 180, pua itapanda yenyewe kwa nguvu ya kushangaza, na mguu wa kulia usipokanyaga, itavuta kushoto. Mpangilio ni huu: mafuta mpaka mwisho, mkono usukume kuzuia pua, mguu wa kulia, flapi zipande hadi 20 papo hapo, kasi 60. Vizuizi vikishapita na ndege inapanda, flapi 10, kisha sifuri, si zote kwa mkupuo, kwani ukizinyanyua zote kwenye 55 bawa linapoteza ubebaji na ndege inazama. Ukikodi za zamani kama 172M au 172N, flapi hufika 40, na kupanda na flapi 40 ni kwa kuomba Mungu. Kuanzia 172P ya mwaka 1981 kiwanda kilikomea 30. Injini ya 172S ni ya kuchoma kwa sindano, haina kabureta, kwa hiyo hakuna kitasa cha joto la kabureta cha kusahau. Hilo ni jambo moja pungufu katika sekunde ambazo mikono imejaa, na tunalipa alama zake.

Pua yenyewe tuitazame vizuri. Gurudumu la pua limefungwa kwenye bamba la kuzuia moto, lile lililo kati ya injini na miguu ya rubani. Bamba ni jembamba. Kutua kwa pua mara moja kwa nguvu kunaweza kulikunja bila propela kugusa kitu, ndege ikaegeshwa, mtu akalipa akaenda zake, na anayefuata asijue. Ndiyo maana ndege hii inasifiwa kwamba inavumilia: sehemu ya uvumilivu huo ni uharibifu uliofichwa chini ya kifuniko cha injini.

Propela ikigusa, hesabu inabadilika. Agizo la FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, namba 2004-10-14, linalohusu injini za Lycoming, linataka gia ya nyuma ya krankishafti ikaguliwe baada ya propela kugonga, hata kama injini haikuzimika, na hata kama ilikuwa imezimwa lakini propela ikahitaji matengenezo zaidi ya kupigwa msasa. Gharama ya kufungua injini na kubadili propela ni makumi ya maelfu ya dola. Muuzaji anayekwambia "iligusa kidogo tu, tukainyoosha" anakuuzia swali, si ndege. Omba kitabu cha kumbukumbu cha injini, tafuta tarehe propela ilipobadilishwa, kisha uone kama injini ilifunguliwa tarehe hiyo hiyo.

Upepo wa Dar es Salaam unastahili nafasi kubwa kuliko unaopewa. Barabara 05/23 imelala kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi; namba hizo ni nyuzi za dira bila sifuri ya mwisho, yaani 050 na 230. Kaskazi inapovuma, Desemba mpaka Machi hivi, unaitua ndege kwenye 05 upepo ukiwa usoni, na kila mtu ni rubani mzuri. Kusi ikishika, kuanzia Juni, upepo unatoka kusini na kusini-mashariki na kukata barabara ubavuni. Tuseme mnara unasema upepo unatoka nyuzi 160, noti 15. Kwenye 23 pembe ni nyuzi 70, na upepo wa ubavuni ni noti 14. Kiwango kilichothibitishwa na kiwanda kwa 172S ni 15. Hicho si kikomo cha kisheria cha ndege, ila kwa rubani wa saa mia ni kikomo cha busara, na kwa mwanafunzi ni kikubwa mno. Upepo huohuo kwenye barabara fupi ya 14/32, yenye takriban mita 1,000, unatoa noti 5 tu za ubavuni. Mita 1,000 kwa ndege inayohitaji 421 ni nyingi. Soma NOTAM, yaani matangazo rasmi kwa marubani, uone kama iko wazi, kisha uiombe. Mwongoza ndege anaweza kukataa kwa sababu ya msongamano, lakini asiyeomba hapewi.

Katika kutua kwa upepo wa ubavuni, 172S ina tabia nzuri na mbaya. Nzuri: bawa liko juu, unaweza kulilaza la upande wa joshini bila hofu ya kukwaruza lami, na pedali zimeunganishwa na gurudumu la pua kwa springi, kwa hiyo likigusa huku umekanyaga pedali haliruki kando kwa ghafla kama la Piper PA-28, ambalo limeunganishwa moja kwa moja. Mbaya: mkia wake mkubwa hugeuzwa na upepo, ndege ikishagusa inataka kutazama kule upepo unakotoka. Wengi hulegeza usukani magurudumu yakigusa, wakidhani kazi imeisha. Usukani uzungushwe upande wa upepo na uongezwe kadiri kasi inavyopungua, mpaka uwe umefika mwisho ndege inapotembea. Flapi tumia chache zinazotosha barabara uliyopewa. 20 zinatosha JNIA siku zote. Kitabu chenyewe kinaonya kwamba ukiilaza sana kwa ubavu flapi zikizidi 20, mkia unaweza kutikisika.

Kuna hatari nyingine ya kusi, nayo hii huua, wakati kudunda huvunja chuma tu. Ukitua 23 kwa mzunguko wa kushoto, kipande cha mwisho kabla ya kujipanga na barabara kinaelekea nyuzi 320, na upepo wa 160 unakusukuma kutoka nyuma. Ardhi inakimbia, unachelewa kukata kona, unapitiliza mstari wa barabara. Kishawishi ni kuongeza kona kwa pedali na kuvuta usukani. Kwenye mlalo wa nyuzi 45, kasi ya stoli inapanda kwa asilimia 19: ile 48 ya bila flapi inakuwa 57. Uko futi 500, pedali imekanyagwa, bawa la ndani linaacha kubeba kwanza. Hakuna kimo cha kuokoa. Mzunguko wa kulia wa 05 una mtego uleule, kwa kuwa nao unatokea kusini-mashariki. Kata kona mapema, mlalo usizidi 30, na ukipitiliza, paa tena. Ndege hii ina honi ya stoli kwenye bawa la kushoto inayolia noti 5 hadi 10 kabla, kwa mvuto wa hewa tu, bila umeme. Kabla ya kuruka weka leso kwenye tundu na uvute hewa kwa mdomo uisikie. Nyigu wa mjini hapa hupenda matundu ya ndege, na hupenda zaidi bomba la kipima kasi. Kifuniko chake kiwe kimevaliwa kila inapoegeshwa.

Kwenye udongo na nyasi inafanya vizuri, kwa masharti. Kwa nyasi kavu kitabu kinaongeza asilimia 45 ya mbio za magurudumu: 421 inakuwa 504. Mamlaka ya anga ya Uingereza hushauri marubani wa ndege binafsi wazidishe jibu la mwisho kwa 1.43, na hapo unafika mita 721. Sisi tunakubaliana nayo, maana mchoraji wa jedwali la kitabu alikuwa na rubani wa majaribio na breki mpya. Upepo wa nyuma huongeza asilimia 10 kwa kila noti 2, kwa hiyo noti 6 tu za "si neno, ni upepo mdogo" ni asilimia 30. Mbugani pita kwanza chini juu ya uwanja, uangalie nyati na pundamilia, mashimo ya ngiri na upepo unavyolaza majani, kisha uzunguke uje kutua. Ukigusa, shikilia pua juu kwa usukani uliovutwa mpaka ishuke yenyewe. Mchanga laini hulikamata gurudumu dogo la mbele.

Ukienda kuikagua ya kununua, peleka fundi mwenye leseni, kitambaa na tochi, na uombe kifuniko cha injini kivuliwe. Angalia sehemu ya chini ya bamba la kuzuia moto kwa mikunjo na kwa riveti zenye vumbi jeusi linalotoka kama moshi. Riveti hiyo imelegea. Tazama ngozi ya sakafu panapoingilia miguu mikuu, na milango: mlango usiofungika sawa kwenye ndege iliyonyooka si wa kawaida. Pete ya kufungia kamba mkiani ikiwa imesagika upande wa chini, kuna mtu alivuta pua kupita kiasi. Tairi zenye bapa zinasema breki ziligandishwa. Pua ikitetemeka ndege inapokimbia ardhini, usikubali kuambiwa ni dampa (kizuia mtetemo) tu. Mara nyingi ni bushi za viungo vya mkono wa pua zilizolika au tairi isiyo na balansi, na dampa mpya itaua dalili kwa wiki chache. Hewa ya chumvi ya hapa hula miguu ya chuma chini ya rangi, hasa panapofungwa vidaraja vya kupandia. Reli za viti zipimwe pia: agizo la FAA 2011-10-09 lipo kwa sababu viti vya Cessna vimewahi kuteleza nyuma rubani akiwa ameshika usukani. Pini iingie tunduni, ujisukume mbele na nyuma kabla ya kuwasha.

Kushiriki barabara na Boeing 787 ya Air Tanzania ni somo la peke yake. Kwa kifupi: kaa juu ya njia yake, gusa ukishapita pale ilipogusa, na ukiambiwa usubiri usione unaonewa.

Ikilinganishwa na jirani zake, Cessna 182 ina nguvu zaidi lakini pua nzito. Ukiwa na watu wawili mbele tu na flapi zote, inahitaji mvuto mkubwa wa mikono, na bamba lake la mbele linajulikana kwa kukunjika. PA-28 ina shokapu kwenye miguu yote mitatu na haidundi sana, ila bawa la chini huelea zaidi karibu na lami kasi ikizidi, na mlango ni mmoja. Kwa anayeruka JNIA na Zanzibar pekee, tungemwachia achague kwa mfuko wake. Mwenye safari za mbugani achukue 172S, alama nne kwa tano, na kabla ya kulipia kifurushi cha saa aombe saa mbili za mwanzo na mwalimu kwenye barabara isiyozidi mita 1,000, kipima kasi kikisomwa kwa sauti kila sekunde chache kuanzia futi 300. Kampuni isiyokubali hilo, tafuta nyingine.